Kamba ya Bishara

"Huko chini hewa ya mtungi hulevya, mdogo wangu," Kombo alimwambia Bishara, akimfunga kamba kiunoni. "Ukijisikia raha, ujue umelewa. Vuta mara mbili, nikupandishe."

Bishara alizama hadi kwenye boti iliyokwenda chini na baba yao. Tope lilipotulia, akamwona mzee kitini pake nyuma ya usukani, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza. Alikuwa amejiandaa kulia. Badala yake moyo ukamjaa raha kama ya harusini.

Shikamoo, baba, alisema moyoni, na akaona kabisa mzee ameitikia.

Sasa apande vipi yeye mtoto, na mzazi yupo? Nyumbani kwao hakuna aliyepita mlangoni kabla ya baba. Akaifungua kamba, akamfunga mzee kifuani kwa adabu, kisha akavuta mara mbili.

Kamba ikakaza. Mzee akanyanyuka taratibu, akatoka mlangoni, akaelekea juu kwenye mwanga. Bishara akampungia mkono, akaketi kwenye kile kiti kusubiri zamu yake. Sindano ya kipimo cha hewa ilikuwa inaingia kwenye rangi nyekundu. Akaiona inapendeza.