Shada la Embe Moja

"Chakula hakipandi basi," mlinzi alimwambia kijana aliyeshika shada la matunda. "Kula hapa. Tutakungoja umalize."

Pembeni yake, Nyawal aliinamisha uso kwa aibu. Shada alilitengeneza yeye, zawadi ya kumuaga kijana huyo, mchumba wake. Asubuhi, sokoni katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, pesa yake ilitosha embe moja tu lililoletwa kutoka Kitale.

"Embe moja ndilo shada, binti yangu?" muuzaji, mama wa Kiturkana, alimcheka aliposikia mpango wake.

Lakini Nyawal alilikata vipande vidogo vidogo, akavichoma kwenye vijiti vya mti wa mswaki, akajaza majani ya mwarobaini katikati. Likapendeza kama la dukani.

Sasa kijana alichomoa kijiti cha kwanza, akatafuna polepole. Mama yake na wadogo zake walikuwa wameshaketi ndani ya basi. Safari ilikuwa ya kuhamia Kanada, na si ya kurudi.

"Lina pilipili," alisema.

"Ni huo mswaki. Kula tu."

"Basi Kanada nitafika na meno safi."

Walicheka. Nyawal alitazama vijiti vilivyobaki. Saba. Sita. Laiti angekata vipande vidogo zaidi!

Kilipobaki kipande kimoja, dereva alipiga honi. Kijana aliking'ata nusu, nusu nyingine akaisogeza midomoni mwa Nyawal.

"Malizia wewe, mpenzi."

Tone la maji ya embe lilimdondokea Nyawal kidevuni. Aliibana midomo, akakataa kuifungua.