Ripoti ya Kitanda cha Nne

Kwa miaka kumi na minane, Zamoyoni ndiye aliyetoa ripoti ya asubuhi wodini, kitanda kwa kitanda, kwa Kiswahili, mgonjwa mwenyewe akisikia. Siku hizi anaitoa Edda, muuguzi aliyemaliza chuo kikuu juzijuzi, na anaitoa kwa Kiingereza. Daktari, ambaye zamani alikuwa akisikiliza huku anachezea kalamu, sasa anaitikia kwa kichwa. "Safi sana, Edda." Zamoyoni hakumbuki lini yeye aliambiwa safi.

Daktari alipokwisha kusogea kitanda cha tano, Bi Mashavu wa kitanda cha nne akamshika Edda mkono.

"Mwanangu, mmeutazama sana mguu wangu. Una nini?"

"Mguu, bibi... damu... yaani, ile mishipa..." Jasho likamtoka Edda. Akamnong'oneza Zamoyoni, "Dada, nisaidie. Haya yote nimeyasoma kwa Kiingereza tu."

Zamoyoni alikuwa ameielewa ripoti yote. Mguu ungekatwa kesho, chini ya goti. Tena alijua namna ya kulisema jambo hilo, polepole, huku amemshika bibi bega. Lakini akainama, akaanza kuchomeka pembe ya shuka chini ya godoro. Mwache ahangaike, akajisemea moyoni. Si ndiye safi?

Bi Mashavu akamgeukia, akamtazama kwa huruma.

"Kumbe na wewe, mwanangu, Kiingereza chao hukielewi?"

Wodi nzima ilisikia. Daktari akageuka. Zamoyoni alikuwa bado ameinama, pembe ya shuka mkononi.