Hoteli Isiyotaka Wasomi

Asubuhi ambayo Timotheo hakutokea kazini, wageni wa hoteli moja ya Ushongo walipiga mswaki kwa maji ya chupa. Pampu ilikuwa imezima, na aliyejua kuiwasha ilipogoma alikuwa yeye peke yake.

Saa nne Msafiri, mlinzi wa getini, alimfuata meneja mezani.

"Mzee, Timotheo hatunaye tena. Pikipiki aliyopanda imegongwa na lori, njia ya Muheza."

Bwana Uweso aliweka kikombe chini. "Inna lillahi," alisema. Kisha akasema, "Na hiyo pampu je?"

Uweso hakuwa mtu wa kuficha anachokiamini: wasomi ni hasara. Vijana wenye bahasha za kaki walipofika getini, hakuzifungua. "Mtu kasoma miaka kumi na saba aja kuniomba ufagio!" aliwacheka usoni. "Weye kwenu hakuna ufagio?" Msomi, alisema, hudai mkataba kabla hajadai chai. Kwa hiyo aliajiri wasiosoma tu, na kila mmoja alitia dole gumba kwenye karatasi ambayo hakusomewa.

Mwaka juzi alikuta cheti cha chuo kwenye begi la Bryson, mhudumu wa mezani. Bryson hakumaliza zamu. Alivulishwa sare pale pale getini, wageni wakitazama. Tangu siku hiyo ilijulikana jikoni, bustanini na vyumbani: ukigundulika umesoma, huna kazi. Na kazi nyingine, toka Pangani mpaka Moa, haikuwepo.

Timotheo ndiye aliyekuwa fahari yake.

"Umesoma mpaka wapi?" Uweso alimuuliza siku alipokuja.

"Darasa la pili, mzee. Nikashindwa."

"Kushindwa huko ndiko kufaulu, mwanangu."

Akampa bustani. Miezi miwili baadaye umeme wa jua ulikufa, na fundi wa Tanga mjini akasema atakuja wiki ijayo. Timotheo aliomba kitabu kilichokuja na mitambo, akakifunua nusu saa chini ya mnazi, kisha taa zikawaka.

"Kaangalia picha tu!" Uweso aliwatangazia wageni. Mwenyewe hakukifungua kuona kama kina picha.

Timotheo ndiye aliyewaleta wengine pia, mmoja mmoja, kila nafasi ilipotokea: Luka wa jikoni, Najat wa vyumba, Ritha wa kufua, Hosea wa gari, na huyo Msafiri. Kila mara alisema lile lile. "Huyu naye hana alijualo, mzee."

Uweso alicheka mpaka akafuta macho. "Weye wajinga wote hawa wawatoa wapi?"

"Wamejaa, mzee."

Mazishini Uweso alikwenda kwa sababu mbili. Pwani huwezi kususa msiba ukabaki na uso wa kuonana na watu. Tena alitaka kumwona mdogo wa marehemu.

"Kama naye hajasoma, narudi naye leo leo," alisema ndani ya gari.

Luka aligeukia dirishani, akaitazama michungwa. Najat akasema, "Tumzike kwanza, mzee."

Nyumbani kwa mama wa marehemu, Anastazia, walikalishwa benchi moja wote sita, na Uweso akapewa kipaza sauti kama mwajiri. Hakukiachia upesi.

"Kijana huyu hakujua a wala be," alisema, "na aliwashinda hao wavaa majoho. Wazazi, acheni kuuza mashamba mkanunua vyeti. Mwenye digrii siku hizi ni ombaomba aliyefunga tai."

Mama Anastazia alimtazama kama mtu atazamavyo mbuzi aliyeingia kanisani.

Kisha mzee wa kanisa akavaa miwani, akasoma wasifu wa marehemu. "Timotheo alihitimu shahada ya uhandisi wa umeme, daraja la kwanza. Aliomba kazi kwa miaka minne. Mpaka mauti yanamkuta alikuwa mtunza bustani." Akakunja karatasi.

Uweso aliwainamia waliokaa naye. "Kaniongopea," alinong'ona. "Mshenzi huyu kaniongopea! Bora kafa, kanipunguzia kazi ya kumfukuza."

Luka alisikia. Wote walisikia.

Kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba, na mabenchi yakasogezwa huko. Udongo ulipokwisha kusawazishwa, mwongozaji alianza kuita wa kuweka mashada. Familia walikwenda. Majirani wakafuata. Wakaitwa wafanyakazi wenzake. Uweso akatangulia, wengine nyuma yake, wakaweka shada la hoteli na kurudi kukaa.

"Sasa waliosoma naye chuo," mwongozaji aliita.

Umati haukutikisika. Mama Anastazia aligeuka, akatafuta kulia, akatafuta kushoto. Shada la mwisho lilikuwa mikononi mwa mwongozaji.

"Chuo kizima, hakuna hata mmoja?" mwongozaji aliita tena.

Najat alisimama.

Halafu Luka.

"Kaeni chini," Uweso alinong'ona, akivuta gauni la Najat. "Nyie mmeshaitwa!"

Akasimama Ritha. Akasimama Hosea, funguo za gari akaziacha pale alipokuwa amekaa. Msafiri akawa wa mwisho.

Benchi la hoteli sasa lina mtu mmoja.