Bomoa na Gari la Shemeji

Mlango wa nyuma wa gari ulikataa kufunga. Bomoa aliushusha, ukagonga na kurudi juu. Akaushusha tena kwa nguvu, ukashika, lakini umekaa upande: kushoto kulibaki ufa wa kuingiza kidole, na kulia bati lilikuwa limelalia bodi.

Alikuwa ametoka kugusa nguzo ya geti akigeuza gari, mlango huo ukiwa bado juu, hajaufunga tangu walipopakia kitanda. Kugusa tu, wala hakusikia kishindo. Aliangalia bampa, hakuna mkwaruzo. Akaangalia nguzo, hata chokaa haikudondoka. Ila mlango ndio huo.

Gari lilikuwa la shemeji yake, mume wa dada yake. Na jina la Bomoa hakupewa na adui, alipewa na ndugu zake mwenyewe, tena hawakumwonea. Aliwahi kuazima ngazi ya shemeji huyohuyo ikarudi vipande viwili. Akaazima pasi, ikarudi bila waya. Safari hii alipotaka gari la kuhamia, dada yake ndiye aliyemsemea: "Mpe, mdogo wangu siku hizi amekuwa mtu mzima." Shemeji alitoa funguo kimya kimya, na kimya hicho Bomoa alikuja nacho njia nzima.

"Mpigie umwambie," alisema mkewe, akishusha beseni la vyombo kutoka kiti cha mbele.

"Nimwambie nini? Kwamba na gari nalo?"

"Umwambie umegonga. Ni watu wazima nyie."

"Atakayesemwa ni dada, si mimi. Ndiye aliyenidhamini."

Kabla mkewe hajajibu, simu iliita. Alikuwa dada mwenyewe.

"Mmeshahamia? Mwenzangu anasema usihangaike kulirudisha gari. Atalifuata huko huko jioni."

"Kwa nini?"

"Sijui, bwana. Tangu asubuhi hashikiki kwa hasira. Anakuja na mtu."

"Mtu gani?"

"Nimuulize mimi, nigombezwe? Wewe lichunge tu gari la watu."

Bomoa alikata simu. Aliona kabisa dada yake akikaa mezani, kichwa chini, akisikilizishwa habari za ngazi na pasi kutoka mwanzo. Alijichukia. Akaenda kutafuta spana.

Hakuwa fundi, lakini woga ulimfanya awe na subira ambayo hakuwahi kuwa nayo. Alibandika karatasi ya gundi kwenye kingo zote ili rangi isichubuke. Akabandua plastiki ya ndani, chini ya paa la gari, akazikuta bolti za bawaba. Vichwa vyake vilikuwa na alama za spana, rangi imetoka kidogo. Akazilegeza, si sana, kiasi cha mlango kukubali kusogea.

"Shika hapo chini," alimwambia mkewe. "Usukume kushoto. Taratibu. Taratibu nimesema, unataka tuhamie jela?"

"Mimi nasukuma mlango, wewe unanisukumia dhambi zako," alisema mkewe, lakini alisukuma.

Wakafunga, wakatazama. Bado. Wakafungua, wakasogeza tena, Bomoa akakaza bolti moja moja. Kisha akaishukia ile ndoana ya chini ambayo loki hung'ata, akailegeza na kuisogeza mpaka loki ilipoikuta katikati. Mwisho akazungusha zile raba mbili za pembeni, moja ndani, moja nje, ili mlango upumzike sawasawa. Jasho lilimwingia machoni. Kila alipofuta alijipaka grisi, na mkewe akamcheka.

Jua lilipopoa, mlango ulifunga kwa mkono mmoja. Bomoa alikunja kipande cha boksi akakipitisha kwenye nafasi, kulia na kushoto: ilikuwa ileile. Hajawahi maishani mwake kutengeneza kitu kikatengenezeka. Angefurahi, lau si kwamba furaha yenyewe ilikuwa ya wizi. Atampa shemeji funguo, atasema ahsante, naye shemeji atamwamini.

"Nitamwambia," alisema.

"Sasa ndiyo umesema," alijibu mkewe, akamletea sabuni.

Hakuwahi kunawa. Shemeji aliingia getini amenuna, nyuma yake mwanamume wa makamo aliyevaa ovaroli ya gereji. Salamu zilikuwa fupi.

"Shemeji," Bomoa alianza, "kabla hujaondoka, kuna jambo nataka nikwambie kuhusu gari."

"Litasubiri. Nimalizane na huyu kwanza." Shemeji alimgeukia yule mtu na kumwonyesha nyuma ya gari bila hata kuliangalia. "Fundi, leo asubuhi uliniita mwongo mbele ya wateja wako wote. Nimekuambia mlango huu umekaa upande tangu siku ulipoufunga wewe gerejini kwako, na sijaruhusu mtu auguse. Haya. Uangalie mwenyewe."

Fundi aliufungua mlango hadi juu, akaushusha, akauachia. Ukalala mahali pake bila kelele. Akapitisha kiganja kushoto, akapitisha kulia, kisha akajifuta mkono kwenye ovaroli bila haraka yoyote.

"Sawa, mzee," alisema. "Utaniomba radhi hapa hapa, au turudi kule mbele ya wateja?"