Upande wa Kulia

Gari jekundu lilipoingia gereji kwa mara ya tatu, Mnyoosho alijisukuma chini ya lori alilokwisha kulimaliza asubuhi, akajifanya anakaza nati.

Walimwita Mnyoosho kwa sababu gari likitoka mikononi mwake lilikwenda mstari kama limepigiwa rula. Lakini hili la michezo, la milango miwili, ambalo injini yake ikinguruma vikombe vya chai vilitetemeka mezani, lilikuwa limemtoa jasho, na sasa lilikuwa linamtia aibu.

"Fundi yuko wapi?" aliuliza shemeji wa mwenye gari, kwa sauti ya kutaka wote wasikie. "Au leo kajificha?"

"Miguu yake ile pale," fundi rangi akajibu. "Kama mwenyewe yupo, sina hakika."

Watu wakacheka. Mnyoosho akatoka, uso chini, akifuta mikono isiyo na grisi.

Gari lilikuwa la marehemu. Mjane wake ndiye aliyeliendesha sasa, na mdogo wa marehemu, huyo shemeji, alikuwa akimfuata nyuma kwa gari lake kila siku. Mara ya kwanza ndiye aliyeeleza yote: likienda polepole limetulia, likichochewa mafuta linapepesuka barabara nzima kama mlevi. "Mweleze, shemeji," alimwambia mjane. "Wewe ndiye unayelishika."

Mjane alitazama chini. "Nikikanyaga mafuta tu, ni kulia," alisema kwa sauti ndogo. "Nikiachia, natulia."

"Umesikia? Kulia." Shemeji akalipiga teke tairi la nyuma la upande huo.

"Kulia," Mnyoosho akaitikia mbele ya gereji nzima. "Hilo dogo. Nendeni mkanywe chai, mtalikuta tayari."

Gari la nguvu likivuta upande mmoja linapochochewa, fundi anajua pa kuanzia. Nguvu yote inasukuma magurudumu ya nyuma. Bushi moja, ule mpira unaoshika mkono wa gurudumu, ikilegea, gurudumu linajigeuza kidogo, na tako la gari linakwenda linakotaka lenyewe. Mnyoosho akafungua upande wote wa kulia. Akatikisa kila mkono wa chuma, akakagua springi, akamulika kwa tochi difu inayogawa nguvu kwa magurudumu. Vyote vizima. Akalitoa barabarani, akalikanyaga mpaka mgongo ukabanwa kitini. Likaenda mstari.

Hapo ndipo alipopaswa kusema, "Sijaona kitu." Lakini watu walikuwa wamesikia majigambo yake. Akang'oa bushi iliyokuwa nzima, akaweka mpya, akaiinua ile ya zamani na kumwambia shemeji, "Adui yenu huyu hapa." Mjane aliitazama ile bushi, kisha akamtazama shemeji.

Mara ya pili akadanganya tena, safari hii kwa tairi. Tangu hapo hakuweza kumaliza maombi. Kila akipiga magoti na kufika kwenye kuomba msamaha, aliiona ile bushi mbele ya macho yake, nzima kabisa.

"Sasa nisikilize," shemeji alisema. "Jana nilikuwa nyuma yake. Nusura aingie mtaroni. Nimeshapata mtu wa kulinunua, anakuja jioni. Lisipopona leo, linaondoka. Nimeshamzika kaka, sitakuzika na wewe kwa ajili ya bati."

Mjane alikuwa ameushika mlango wa gari kama anavyoshikwa mkono mgonjwa. "Shemeji, usiliuze," alisema. "Ndani ya hili bado namsikia."

"Utamsikia kwenye picha."

Masikio ya Mnyoosho yaliwaka moto. Uongo wake ndio uliokuwa ukimnyang'anya mwanamke huyu kitu cha mumewe. Ee Bwana, nipe kinywa, aliomba kimoyomoyo. Kisha akasema, "Dada, leo endesha wewe. Mimi nitakaa pembeni."

Wakatoka wawili. Barabara ya nyuma ya maghala ilikuwa tupu. Mjane aliendesha taratibu, mikono miwili kwenye usukani, vizuri kuliko madereva wengi ambao Mnyoosho aliwahi kukaa pembeni yao.

"Kabla hujakanyaga," Mnyoosho alisema, akiyatazama magoti yake, "kuna jambo. Nilikudanganya. Ile bushi ilikuwa nzima. Na tairi pia. Nimetafuta upande wa kulia mpaka nimechoka, sijaona ubovu wowote. Niliona haya kusema mbele za watu."

Mjane alipunguza mwendo.

"Hata mimi niliona haya, fundi," alisema. "Mbele za watu, na mbele ya shemeji."

"Wewe uone haya ya nini? Kazi ni yangu."

Mjane akakanyaga mafuta.

Injini ikatoa ule mngurumo ambao zamani uliufanya mtaa mzima ujue kwamba marehemu anarudi nyumbani. Mnyoosho alifumba macho na kukandamiza viganja kwenye kiti, kwa maana ugonjwa wa namna hii husikika mwilini kabla ya kuonekana. Akausubiri upande wa kulia ulegee. Nyuma kulikuwa kumetulia tuli. Lakini gari likaanza kupepesuka, likaenda huku, likarudi kule, na kilichocheza kilikuwa pua wala si tako. Pua inafuata usukani. Akafumbua macho.

Mjane alikuwa ameshika usukani kwa mkono mmoja tu. Kwa mkono wa pili alikuwa anapangusa macho, na kabla hajamaliza yalikuwa yamelowa tena.

"Mimi sikutaja upande, fundi," alisema.