Nafasi ya Mtoto

Siku ya tatu baada ya kujifungua, Tusajigwe alipokea barua kutoka chuo kikuu, na mama yake akataka asomewe.

Miaka hiyo vyuo na waajiri wa mkoa walishakubaliana kwamba hakuna mwanafunzi atakayepokelewa kabla kazi yake haijapatikana. Tusajigwe alihitimu Ijumaa, Jumatatu akaanza ufundi wa mitambo kwenye kiwanda cha maziwa. Kaka yake, aliyesoma zamani, alizunguka na bahasha ya vyeti miaka saba. Nyumba ile ilijua kushukuru.

“Wanampongeza mtoto,” alisema Tusajigwe. “Wamemtengea nafasi chuoni, halafu kazi kiwandani kwetu.”

Mama akapiga vigelegele. “Ahsante Mungu! Mjukuu wangu hatahangaika kama mjomba wake.”

“Kweli, mama. Tumebarikiwa,” alijibu, machozi ya furaha yakimlengalenga.

Akachukua kalamu asaini. Fomu ilikuwa imeshajazwa idara, mashine atakayoisimamia, hata saa ya kuingia zamu. Palibaki wazi mahali pa jina tu. Akamtazama mwanawe usingizini. Walikuwa bado hawajaamua wamwite nani.