Nakala ya Pili

Saliha aliiacha kompaila yake ikijijenga upya, akaenda kuswali adhuhuri. Hiyo ndiyo ingegeuza maandishi yake kuwa programu ya kuwatafuta waliopotea vitani. Ikijijenga mara mbili, nakala zote mbili lazima zifanane kabisa.

Aliporudi, hazikufanana.

Akaifungua ya pili. Katikati ya amri za mashine palikuwa na maneno asiyoyaandika: *Acha kuwatafuta.*

Akamwita mlinzi wa ofisi. "Nani aliingia humu?"

"Apana mutu mugeni, dada. Ni kaka yako tu. Alisema anatangulia kwa mama, kule Buyenzi."

Saliha hakuwa na kaka.

Akageukia msumari alikotundika funguo za nyumbani kwa mama asubuhi. Ilibaki kamba yake ya kijani tu, imekatwa kwa kisu.